Mbwa harusini: mgeni asiyeweza kukataa mwaliko

Katika nchi za Magharibi si ajabu tena kumwona mbwa akitembea mbele ya bi harusi, utepe mweupe ukiwa shingoni mwake. Desturi hiyo imetoka wapi, sheria na dini zinasema nini, na mnyama mwenyewe huipokeaje siku hiyo? Mtayarishaji wetu mjini London alilifuatilia suala hilo baada ya kuombwa ushauri na familia moja yenye asili ya Tanga.

 

Mwanzoni mwa mwaka 2023, rafiki yangu wa miaka mingi, mzaliwa wa Tanga, alinipigia simu usiku. Binti yake alikuwa anaolewa kiangazi cha mwaka huo. Mahali pa sherehe palikuwa pamekwisha lipiwa, mpishi wa biriani amepatikana, na kadi zimekwisha tumwa hadi Muscat na Toronto. Lililobaki, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, ni mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa jike la rangi ya kahawia, umri wake miaka kumi na mmoja, chotara asiye na ukoo unaojulikana. Binti alimchukua katika kituo cha mbwa walioachwa na wenyewe, wakati alipokuwa mwanafunzi katika mji ulio mbali na nyumbani. Baadaye binti huyo alipatwa na ugonjwa wa sonona, akakatisha masomo kwa mwaka mzima. Alimweleza baba yake kwamba katika miezi ile zilikuwepo asubuhi ambazo jambo pekee lililomwinua kitandani ni kujua kwamba mbwa anangoja kutolewa nje. Sasa anaolewa, na ombi lake lilikuwa moja tu: mbwa wake awepo.

Upande wa pili alikuwepo Bibi, mama yake rafiki yangu, aliyekuwa akijitayarisha kusafiri kutoka Tanga. Aliposikia habari hiyo alisema kwamba tangu azaliwe hajaona harusi ya Waislamu yenye mbwa, na kama mbwa ataingia, yeye atabaki chumbani.

"Mwanangu," alimwambia rafiki yangu kwa simu, "mimi simchukii mnyama wa watu. Lakini akinigusa, nitasali na nguo gani?"

Rafiki yangu alitaka nimwambie nani kati yao ana haki. Sikuweza kumjibu usiku ule. Lakini kwa kuwa kazi yetu ni kuuliza, nilianza kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwanamume, mwanamke na mbwa

Swali la kwanza ni hili: kwa nini mtu amtake mbwa katika siku yake ya harusi?

Mwaka 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la kale. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume, ya mwanamke, na ya mbwa. Wataalamu wanakadiria kwamba kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Uchunguzi wa meno ya mbwa huyo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba alikufa akiwa na umri wa miezi kama saba, na kwamba kabla ya hapo aliugua kwa wiki kadhaa maradhi makali ya virusi yanayowapata mbwa. Mbwa mgonjwa kiasi hicho hawezi kuwinda wala kulinda. Kama aliishi wiki zote hizo, walisema watafiti, ni kwa sababu wapo watu waliomtunza bila ya kutarajia faida yoyote kutoka kwake.

Kwa hiyo mapenzi baina ya binadamu na mbwa si mtindo uliozuka juzi. Jipya ni nafasi ya mbwa ndani ya nyumba. Hapa Uingereza mabadiliko hayo yalishika kasi katika karne ya 19. Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya ng'ombe, farasi na mifugo mingine. Mwaka 1824 kikaundwa mjini London chama cha kuwalinda wanyama, na mwaka 1840 Malkia Victoria alikiruhusu chama hicho kutumia neno la kifalme katika jina lake. Kifupi cha jina hilo, RSPCA, kinajulikana na kila mtu hapa mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1840 Malkia aliolewa na Mwanamfalme Albert, aliyekuja kutoka Ujerumani na mbwa wake mweusi mwembamba aitwaye Eos. Mwaka 1841 mchoraji maarufu Edwin Landseer alimchora mbwa huyo akiwa amesimama kando ya kofia na glavu za bwana wake. Mbwa alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, mwenye picha yake ukutani.

Siku hizi, katika miji ya Ulaya na Marekani, vijana wengi huchelewa kuoa na kuolewa, na kabla ya hapo huishi peke yao kwa miaka. Kwetu nyumba haikosi mtu: kuna shangazi, kuna mjomba, kuna mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa mpaka magharibi. Huku mtu anaweza kurudi kazini Ijumaa jioni asisikie sauti ya binadamu hadi Jumatatu. Katika chumba kama hicho mbwa au paka ndiye anayempokea mlangoni. Ikifika harusi, mwenye nyumba huona kumwacha mnyama huyo ni kama kumwacha ndugu.

Hofu za Bibi zina asili yake

Lakini je, Bibi wa Tanga anakosea? Sidhani, na ningependa msikilizaji asimcheke.

Kwetu Afrika Mashariki mnyama huja harusini kwa njia nyingine. Huja akiwa mahari, au huja akiwa kitoweo. Mbwa kazi yake ni kulinda, na mahali pake ni nje. Isitoshe, mbwa anaweza kuleta kifo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikisha jitokeza, mgonjwa huwa haponi. Mtu aliyekulia mahali ambapo watoto hufundishwa kumkimbia mbwa asiyemjua, hofu yake ni elimu aliyopewa na wazee wake. Uingereza haina kichaa cha mbwa katika wanyama wa nchi kavu, na ililipa gharama kufika hapo: hadi mwaka 2000, mbwa aliyeletwa kutoka nje alizuiliwa karantini kwa miezi sita.

Kisha lipo suala la dini. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito. Mahali palipoguswa na mate yake, au na mwili wake ukiwa na majimaji, huoshwa mara saba, na mojawapo huwa kwa udongo. Ipo pia hadithi ya Mtume inayoeleza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Kwa Bibi, hilo si jambo la kuonea haya mbele ya wageni wa Kizungu. Ni namna anavyoilinda sala yake.

Hata hivyo dini hiyohiyo ina kurasa nyingine. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wanaona kwamba mbwa aliye hai ni tohara. Qurani imeruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa waliofunzwa, na imemtaja mbwa aliyelala mlangoni pamoja na Watu wa Pangoni. Imepokewa pia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa na kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Paka naye hana tatizo hilo kabisa, kwani hadithi zimemhesabu miongoni mwa wanaozunguka majumbani mwetu.

Hapa Uingereza suala la mbwa na msikiti lilijitokeza hadharani mwaka 2008, katika mji wa Leicester. Kijana mmoja Mwislamu asiyeona alikuwa akiongozwa na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo. Wanazuoni walitoa fatwa iliyomruhusu kufika na mbwa wake msikitini. Pakatengwa mahali maalumu pa mbwa kupumzika, na kijana akaingia kusali, mbwa akiwa mbali na mahali pa sala.

Nilimwendea sheikh mmoja hapa London nikamweleza kisa cha rafiki yangu. Alitabasamu, akanikumbusha kwamba nguzo za nikaha kwa Shafi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Mbwa hamo. Kwa hiyo, alisema, nikaha haimhitaji mbwa, na karamu ni jambo jingine ambalo familia inaweza kulipangia mahali pake na watu wake. Akaongeza kwamba katika fiqhi, kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi, jambo ambalo huenda likampunguzia Bibi wasiwasi.

Msikilizaji ambaye si Mwislamu asidhani kwamba kanisani mlango uko wazi tu. Katika Kanisa la Anglikana la Uingereza uamuzi huwa mikononi mwa padri wa parokia. Wapo wanaoruhusu na wapo wanaokataa. Makanisa mengi huwa na ibada ya kuwabariki wanyama karibu na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Francis wa Assisi, lakini kubarikiwa siku hiyo hakumpi mbwa haki ya kusindikiza maharusi.

Sheria inasemaje?

Katika England na Wales, ndoa lazima ishuhudiwe na watu wawili. Mbwa hawezi kuwa shahidi, hata kama ndiye aliyewakutanisha maharusi bustanini. Lakini hakuna sheria inayomkataza asiwepo. Wanaoamua ni mwenye jengo na mfungishaji wa ndoa. Tangu mwaka 1995 ndoa za serikali, zile tunazoziita za bomani, zinaweza kufungwa katika hoteli na majumba ya kale yenye kibali. Na tangu Julai 2021 zinaweza kufungwa nje, katika viwanja vya majumba hayo, ruhusa iliyofanywa kuwa ya kudumu mwaka 2022. Bustani ni nafuu kubwa kwa mwenye mbwa, na pia kwa mgeni anayemwogopa, kwa kuwa nafasi ya kujitenga ipo.

Uskochi ni tofauti. Huko kibali hupewa mfungishaji wa ndoa na si jengo, kwa hiyo watu huoana milimani na ufukweni, mbwa wao wakiwa pembeni.

Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, maharusi wanaweza kujifungisha ndoa wenyewe, na sheria haidai shahidi yeyote. Ndiyo maana wapo wanandoa waliompaka mbwa wao wino na kugonga alama ya unyayo wake katika cheti. Ndoa husimama kwa saini za maharusi wawili. Unyayo ni pambo.

Kwa familia za Kiislamu hapa Uingereza kuna jambo moja zaidi la kukumbuka. Mwezi Februari 2020, Mahakama ya Rufaa mjini London ilithibitisha kwamba nikaha iliyofungwa bila ya kufuata taratibu za usajili si ndoa mbele ya sheria ya nchi. Kwa sababu hiyo familia nyingi hufanya hafla mbili: nikaha na ndoa ya bomani. Wengi huliona hilo ni mzigo na gharama. Kwa rafiki yangu ndilo lililofungua njia. Kama hafla ni mbili, si lazima wageni wote wahudhurie zote.

Na mbwa mwenyewe je?

Nilipofika hapo nilidhani nimekwisha pata jibu. Ni daktari mmoja wa mifugo aliyenizindua. Aliniuliza swali ambalo si mimi wala rafiki yangu tuliyekuwa tumelifikiria: mbwa huyo anapenda watu wengi?

Mgeni mwingine akiletewa kadi anaweza kusema ana safari, au mguu unamuuma. Mnyama hawezi. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka mwenye mnyama amtimizie mahitaji matano: mahali panapomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya kawaida, kuwa pamoja au mbali na wanyama wengine kwa kadiri ya hali yake, na kulindwa dhidi ya maumivu, mateso na maradhi. Mahitaji hayo hayaendi likizo siku ya harusi.

Daktari yule alinieleza dalili za mbwa aliyezidiwa na hofu. Hupiga miayo bila ya usingizi. Hujilamba midomo mara kwa mara ingawa hakuna chakula. Hugeuza uso, huficha mkia katikati ya miguu, hutetemeka, au hutweta hata kukiwa na baridi. Watu wasiojua husema, "Tazama, anacheka!" Kumbe ameomba msaada mara tano na hakuna aliyemsikia. Mbwa wa namna hiyo akizidi kubanwa anaweza kuuma, hata kama hajawahi kuuma maishani mwake.

Na harusi yetu ina jambo ambalo harusi ya Kiingereza haina: vigelegele. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba kuliko lile la binadamu, na kigelegele cha kina mama thelathini kwa pamoja kinaweza kumtia kiwewe mbwa aliyezoea mtaa wa kimya. Kwa hili daktari alitoa dawa rahisi. Shangazi zake bi harusi, walioko Tanga na Mombasa, walirekodi vigelegele kwa simu zao wakavituma. Kila jioni, mbwa alipokuwa akila, sauti ile ilipigwa kwa chini sana. Wiki iliyofuata ikapandishwa kidogo, na mbwa alipoonyesha wasiwasi ikashushwa tena. Kazi hiyo ilichukua wiki sita, na nadhani majirani wa binti yule bado wanajiuliza nini kilikuwa kikitokea katika nyumba ile.

Chakula nacho ni hatari isiyoonekana. Keki ya harusi ya Kiingereza ya jadi hujaa zabibu kavu, na zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa hata kwa kiasi kidogo. Chokoleti ni sumu kwake. Vitunguu huharibu damu yake, na biriani bila ya vitunguu si biriani. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Mwenye paka naye atazame maua: yungiyungi, yale yenye chavua ya rangi ya chungwa yanayopendwa sana katika mashada ya harusi, yanaweza kumwua paka kwa kuharibu figo zake, hata akilamba tu chavua iliyomwangukia manyoyani. Na paka kwa tabia yake hushikamana na mahali kuliko mbwa. Wataalamu wengi hushauri apigwe picha na maharusi nyumbani, kisha aachwe.

Joto pia lisisahauliwe. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kutweta, na wale wenye pua fupi huzidiwa upesi. Asiachwe kamwe ndani ya gari watu wakienda kula. Chama cha RSPCA kinaonya kwamba nje kukiwa na nyuzi joto 22 tu, ndani ya gari kunaweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja.

Wapo maharusi wanaokwenda mbali zaidi wakakodi bundi wa kuleta pete. Ndiyo, msikilizaji, bundi. Ndege huyo ambaye kwetu akilia juu ya paa watu husoma dua, hapa hufunzwa kuruka kutoka nyuma ya kanisa hadi kwenye mkono wa bwana harusi, pete zikining'inia mguuni. Mara nyingine huenda kukaa juu ya boriti za paa na kukataa kushuka, wageni wakibaki wamekodoa macho juu. Chama cha RSPCA hakipendezwi na jambo hilo, na sababu yake haihusiani na nuksi. Bundi ni ndege wa porini kwa maumbile, na ukumbi uliojaa watu na kelele si mahali pake. Mbwa wa nyumbani angalau anamjua anayemsindikiza.

Siku yenyewe

Nikaha ilifungwa siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, msikitini. Hakukuwa na mbwa, wala hapakuwa na mjadala. Bibi alikaa mbele katika upande wa wanawake, na khutba ilipomalizika alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele.

Ndoa ya bomani ilifungwa Jumamosi, saa nane mchana, katika bustani ya jumba moja la kale nje ya London. Kadi zilikuwa zimewaarifu wageni mapema kwamba mbwa atakuwepo kwa muda mfupi. Viti vya wazee vilipangwa upande wa kulia, mbwa na msimamizi wake upande wa kushoto, na baina yao hatua zipatazo kumi na tano. Ndani ya jumba kilitengwa chumba cha kusalia ambacho mbwa hakukikaribia. Bibi alikuwa na baibui la akiba ndani ya mfuko, "kwa tahadhari", kama alivyoniambia nilipokwenda kumpa shikamoo.

Msimamizi wa mbwa hakuwa bi harusi, wala ndugu yake yeyote, kwa sababu siku hiyo wote wana kazi. Alikuwa jirani yao, mama wa makamo aliyemzoea mbwa huyo kwa miaka. Kazi yake ilikuwa moja tu, na alipewa ruhusa ya kumwondoa mbwa wakati wowote bila ya kumwuliza mtu. Pete za kweli zilikaa mfukoni mwa mpambe wa bwana harusi. Mbwa alivaa utepe tu.

Aliingia robo saa kabla ya hafla, akanusa majani, akatembea na bi harusi mwendo wa polepole wa wazee, kisha akajilaza. Wakati wa vigelegele aliinua masikio, akamtazama jirani, akapewa kipande cha kuku, akarudisha kichwa chini.

Hatari ilikuja baadaye kidogo, sinia za keki zilipoanza kupitishwa. Kijana wa miaka minne alimkimbilia mbwa akiwa na kipande mkononi. Jirani alikuwa amegeuka kuchukua mkoba wake. Sauti iliyomzuia mtoto ilitoka upande wa kulia, katika viti vya wazee.

"We mtoto, usimpe! Ina zabibu hiyo, itamwua!"

Alikuwa Bibi. Kwa siku nne alikuwa ameiona jikoni kwa mwanawe karatasi iliyoorodhesha vyakula vinavyomdhuru mbwa, na alikuwa ameuliza kila kimoja maana yake. Hakumsogelea mbwa, wala hakumgusa, wala hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Baada ya dakika chache jirani alimpeleka mbwa nyumbani, na chakula kikaanza.

Usiku ule rafiki yangu hakuniuliza tena nani alikuwa na haki. Binti yake alitaka ashuhudiwe na kiumbe aliyemwona katika siku zake mbaya. Mama yake alitaka kusali bila ya shaka. Mbwa alitaka kivuli, maji, mtu anayemfahamu, na ruhusa ya kuondoka. Kila mmoja alipata alichokihitaji kwa sababu kila mmoja aliulizwa, na kwa yule asiyeweza kusema, tulimwuliza anayeijua lugha yake.

Basi kama nawe, mpenzi msikilizaji, una harusi njiani na una mnyama umpendaye, anza na swali la daktari yule: je, anapenda watu wengi? Kama jibu ni hapana, piga naye picha asubuhi mlangoni mwa nyumba yako, umwachie maji na mtu anayemzoea, na uende ukaolewe kwa amani. Kama jibu ni ndiyo, wajulishe wageni mapema, mtafutie msimamizi mmoja asiye na kazi nyingine, weka muda mfupi, na uwatengee wazee mahali pao kabla hawajaomba.